Dhati na msingi: maswali mawili ya barazani

Mji wa Kale, jioni, kikombe cha kahawa chungu mkononi. Ukiuliza kitu ni nini hasa, unauliza dhati yake. Ukiuliza kipo kwa sababu ya nini, unauliza msingi. Si sababu ya moto na moshi, bali ya kubebwa, kama ukuta wa Fort Jesus unavyobebwa na mawe yake ya matumbawe.

Wengi huchanganya dhati na msingi. Chukua ukweli huu: barazani kuna mtu. Msingi wake ni kwamba muuza kahawa ameketi pale. Lakini dhati yake haimtaji muuza kahawa. Akiondoka akaja mvuvi, ukweli ni uleule, msingi mwingine. Hapo njia zinaachana.

Dhati nayo ina ujanja wake. Mwaka 1994 mwanafalsafa Kit Fine alitoa mfano wa seti, yaani mkusanyo wa vitu, yenye Socrates peke yake. Socrates akiwepo, seti lazima iwepo, na kinyume chake. Ila seti haielezeki bila Socrates, ilhali kumweleza Socrates hakuhitaji seti hata chembe. Kwa hiyo kuwepo pamoja kwa lazima hakutoshi kuwa dhati.

Mimi naanza na msingi. Dhati naiita kwa swali gumu zaidi: kwa nini msingi huu ubebe jambo hili, si lile?