Gari la spoti la zamani lisilo na rejeta: matano niliyoyapanga kwa kutu

Ninapokwenda kuangalia gari la zamani hubeba vitu vitatu: sumaku ndogo niliyoifunga kwenye leso, tochi, na bisibisi kuukuu. Sumaku ndiyo yenye kazi kubwa. Naipitisha chini ya milango, kuzunguka taa za mbele na kwenye kingo za bodi juu ya matairi. Mahali isiposhika, chini ya rangi hakuna chuma, ni puti tupu, ile lahamu ya kuzibia mashimo ya bodi.

Sikuwa nayo siku niliponunua Karmann Ghia yangu ya kwanza, gari la spoti la Volkswagen, hapa Ujerumani. Gari lilikuwa jekundu, linang'aa, ukigusa ufunguo linawaka. Muuzaji alikuwa mpole, akanikaribisha kahawa, nami sikumwuliza swali hata moja la maana. Miezi minne baadaye fundi wa bodi alichokonoa chini ya mlango wa dereva, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Kunyoosha na kuchomelea bodi ile kulinila fedha nyingi kuliko nilizonunulia gari lenyewe. Muda wote huo injini haikunidai kitu zaidi ya oili na plagi.

Kwa hiyo orodha hii ya magari matano yanayopozwa kwa hewa nimeipanga kwa bodi. Injini ya gari la namna hii inafunguka. Silinda zake zimefungwa moja moja, kila moja na mapezi yake ya kupozea, na ikifa moja unaitoa na kuweka nyingine. Bodi iliyoliwa na kutu kwa miaka 50 haina spea ya kununua ukaifunga jioni moja. Wanaonipigia simu kuuliza, wengi wao ndugu zetu wa Ulaya na Marekani, karibu wote huanza na nguvu ya injini. Mimi nawarudisha kwenye bodi.

Kabla ya orodha, neno kuhusu kupoza. Magari haya hayana maji wala rejeta. Feni inasukuma hewa, na mabati yaliyoizunguka injini yanaielekeza hewa hiyo ipite kwenye mapezi ya silinda. Oili nayo inabeba sehemu kubwa ya joto. Bati moja likikosekana, au mpira wa pembeni ukiwa umekatika, hewa moto ya chini inarudi juu na injini inajipika yenyewe. Ukifungua boneti ya nyuma ukaona barabara kupitia pengo kandokando ya injini, uliza mabati yako wapi. Baba alikuwa na Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, pale Tanga, na kila baada ya kilomita 5,000 alimwaga oili, lita mbili na nusu, gari liwe na safari au lisiwe nayo. Alikuwa sahihi. Injini ile haina filta ya oili, ina chujio la waya tu, kwa hiyo uchafu unatoka pale tu oili inapomwagwa.

1. Porsche 911 SC, 1978 hadi 1983

Naiweka ya kwanza kwa sababu ya zinki. Kuanzia toleo la 1976 Porsche walianza kutengeneza bodi ya 911 kwa bati lililopakwa zinki pande zote mbili, kama bati la paa la nyumbani. Hilo halikuondoa kutu, lakini liliichelewesha sana. Ndiyo maana SC iliyolala bandani miaka mingi inaweza kuwa na sakafu nzima, wakati 911 ya 1970 iliyolala banda moja nayo imebaki ganda. Hata hivyo kagua chini ya kioo cha mbele, kuzunguka taa, na nguzo ya mlango pale komeo linaposhika.

Injini ni ya lita 3.0, silinda sita zilizolala, nguvu za farasi 180 mwanzoni na 204 mwishoni. Ina magonjwa matatu yanayojulikana. Kwanza, zile stadi ndefu, yaani boliti zisizo na kichwa, zinazoshika vichwa vya silinda hukatika. Mwombe muuzaji aruhusu vifuniko vya chini vya valvu vifunguliwe, maana iliyokatika mara nyingi utaikuta imelegea humo. Akikataa, ondoka. Pili, vikaza mnyororo vya zamani huchoka, na tiba ni kufunga vile vya Carrera 3.2, 911 iliyoifuata SC, vinavyolishwa oili. Tatu, boksi la hewa la plastiki hupasuka injini ikirudisha moto wakati wa kuwasha. Kuna kivalvu cha usalama cha kupunguza mgandamizo huo. Ni cha bei ndogo, na kama hakipo, kiweke.

Oili ya 911 hupimwa gari likiwa limesimama sawa, injini ni ya moto na inanguruma. Aliyezoea Toyota hupima ikiwa imezimwa na baridi, anaona kijiti kikavu, anamimina lita mbili za bure, kisha anashangaa moshi. Na moshi kidogo wa asubuhi usikutishe. Silinda zimelala, oili inachuruzika ndani usiku.

Anayeweza kuongeza fedha atazame Carrera 3.2, ya 1984 hadi 1989, nguvu za farasi 231 kwa zile za Ulaya. Zilizotoka kuanzia toleo la 1987 zina giaboksi ya G50, laini zaidi mkononi. Ila nisingeacha SC nzima nikachukua 3.2 yenye historia ya mashaka. Nisingegusa kabisa zile za lita 2.7 za 1974 hadi 1977 kama gari la kwanza. Kasha la injini yake ni la magneziamu, stadi hung'oka pamoja na nyuzi zake, na hiyo ni kazi ya kufungua injini nzima.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki gari hili lina damu nyingine. Mwaka 1974 dereva wa Uswidi Björn Waldegård alimaliza wa pili katika Safari Rally akiwa na 911. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo, mtoto wa Kenya, naye akawa wa pili na 911. Ushindi wa Safari yenyewe haukuja. Lakini mwaka 2011 Waldegård, mzee mwenye miaka 68, alishinda Safari Classic, mbio za magari ya zamani, na 911, pembeni yake ameketi mwanawe. Hizi ndizo gari zinazokimbizwa kwenye vumbi letu mpaka leo, na mafundi wanaozitunza wamejifunza kila kinachovunjika.

2. Volkswagen Karmann Ghia, 1955 hadi 1974

Kwa moyo ningeiweka ya kwanza. Umbo lake lilitoka kampuni ya Ghia ya Turin, Italia, bodi ikaundwa na kampuni ya Karmann ya Osnabrück, Ujerumani, na chini yake kuna mashine ya kobe. Ndiyo maana fundi yeyote mkongwe wa Mwanza au Kisumu aliyewahi kufungua Volkswagen ataijua injini hii bila kitabu. Ilianza na nguvu za farasi 30. Haikimbii. Anayetaka kupita malori mlimani aruke aende namba tatu.

Shida ni uzuri wenyewe. Pua ya Ghia haikutoka kwenye mashine ikiwa kipande kimoja. Vipande vilichomelewa, viungo vikajazwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kisha vikapigwa tupa kwa mkono mpaka mshono ukapotea. Kwa hiyo Ghia iliyogongwa puani mara nyingi hutengenezwa kwa puti, na mnunuzi haoni kitu. Tazama kwa ndani, ukiwa umefungua buti ya mbele, kwa tochi: bati la asili lina mkunjo safi, la kutengenezwa lina makovu. Kisha papasa zile njia za hewa moto zilizopita chini ya milango. Hizo ndizo uti wa mgongo wa gari, na ndizo zilizonigharimu mimi. Mwisho kagua bati lililo chini ya betri.

Chagua iliyotoka kuanzia 1967 na kuendelea, yenye breki za diski mbele. Ya mapema zaidi ni tamu kutazama, lakini breki zake za ngoma na umeme wa volti 6 si vya kuingia navyo kwenye magari ya leo. Valvu hurekebishwa injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Ni kazi ya saa moja, na ukiifanya mwenyewe mara mbili hutampa tena fundi.

3. Porsche 914, 1969 hadi 1976

Injini iko katikati, nyuma tu ya viti, na kwenye kona gari linageuka kama limefungwa kamba. Kwa raha ya kuendesha, kwa kila shilingi unayotoa, halina mpinzani hapa. Chukua ya lita 2.0 yenye silinda nne. Ile ya silinda sita zilitengenezwa kama 3,300 tu, na sasa ni za wakusanyaji.

Mbona basi ni ya tatu? Betri. Imewekwa upande wa kulia juu ya injini, na tindikali yake hudondoka miaka nenda rudi kwenye bati linaloshika mfumo wa gurudumu la nyuma. Wenyewe wanaliita shimo la jehanamu. Toa betri, mulika, chokonoa. Kisha fanya hili: toa kipande cha paa, pima kwa jicho mwanya wa mlango, halafu inua gari kwa jeki ubavuni. Mwanya ukibadilika, au mlango ukianza kugoma kufunguka, chesisi imelegea. Hapo hakuna bei nzuri.

4. Chevrolet Corvair, kizazi cha pili, 1965 hadi 1969

Hii nawashauri walioko Marekani, maana huko spea zake bado zipo tele na bei yake iko chini ya zote nilizotaja. Injini ni ya aluminiamu, silinda sita nyuma. Lawama za Ralph Nader, mtetezi wa wateja wa Marekani, kuhusu usalama wake zilikiangukia kizazi cha kwanza na ekseli zake za nyuma zinazobembea. Kizazi cha pili kilipewa mfumo mpya kabisa wa magurudumu ya nyuma. Inavuja oili kwenye mirija ya valvu mpaka uweke pete za mpira wa kisasa unaostahimili joto. Mkanda wa feni unakata kona kwenda feni iliyolala juu ya injini, kwa hiyo beba mwingine na ujifunze kuubadilisha ukiwa nyumbani.

5. Porsche 912, 1965 hadi 1969

Ni bodi ya 911 ya zamani, isiyo na zinki, na injini ya silinda nne iliyotoka kwenye Porsche 356, mtangulizi wa 911, ambayo spea zake zina bei ya dhahabu. Ni nyepesi na ina adabu barabarani. Lakini unalipia kutu ya 911 bila kupata injini yake. Ukiipata nzima kutoka sehemu kavu kama Arizona, sawa. Vinginevyo fedha hiyo ipeleke namba moja.

Ukishanunua

Wiki ya kwanza, kabla ya kuosha gari, badilisha mipira yote ya petroli. Petroli ya leo ina ethanoli inayoila mipira ya zamani, na tone moja juu ya injini ya moto linatosha kuchoma kila kitu. Funga kizimamoto karibu na kiti. Kagua pia ile sehemu ya ekzosi inayopasha hewa ya ndani, kwani ikitoboka moshi wenye sumu unaingia mnamokaa na watoto.

Ujerumani, gari likifikisha miaka 30 na likiwa katika hali ya asili linaweza kupata namba yenye herufi H. Kodi inakuwa euro 191 na ushee kwa mwaka, na unaruhusiwa kuingia maeneo ya miji yanayozuia magari ya moshi. Ukilipata, liegeshe ndani kuanzia siku ya kwanza wanapomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani hadi mvua za machipuko zimeiosha.

Anayetaka kulipeleka nyumbani aanze na karatasi kabla ya gari. Kenya ina kanuni ya magari yasiyozidi miaka 8, na Tanzania ina ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Nenda KRA au TRA na mwaka wa gari, ukubwa wa injini na bei mkononi, upate jibu la maandishi, ndipo umtumie muuzaji malipo ya kwanza.