Darasa la nadharia ya muziki kwa wanakwaya: skeli meja kwa kipande cha boksi

Nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia kwa miaka tisa nikisoma nota za solfa, na kwa muda wote huo sikuelewa kwa nini wimbo ulioandikwa "Do ni C" hupigwa kwa vibao vyeupe vitupu, ilhali ule ulioandikwa "Do ni G" humlazimu mpiga kinanda kugusa kibao cheusi. Darasa la Jumamosi nililohudhuria hapa Moshi kwa wiki nane, kwa ada ya shilingi 60,000, lilinijibu swali hilo katika kipindi cha pili tu.

Uzuri wake mkubwa uko mahali linapoanzia. Mwalimu hakutuandikia orodha ya shapu, yaani nota zilizopandishwa nusu hatua, za kukariri. Alitutaka tuimbe do, re, mi, fa, so, la, ti, do, polepole, kisha tutaje ni wapi sauti inapanda hatua ndogo kuliko kwingine, na wengi wetu tukasikia wenyewe kwamba ni kati ya mi na fa, tena kati ya ti na do ya juu. Hapo hatua ni nusu toni. Kwingine kote ni toni nzima. Mpangilio huo wa toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu ndio skeli meja, nasi tulikuwa tukiuimba kila Jumapili bila kuujua kwa jina.

Kisha akatoa kipande kirefu cha boksi alichokichora mistari 13 yenye nafasi sawa, mstari mmoja kwa kila nusu toni, na kuandika herufi za solfa kwenye mistari minane inayohusika. Alipokisimamisha nyuma ya vibao, do ikiwa juu ya C, herufi zote zilielekea vibao vyeupe, kwa kuwa kati ya E na F, na kati ya B na C, hakuna kibao cheusi. Akakisogeza taratibu hadi do ikafika G. Herufi zote zikabaki kwenye vyeupe isipokuwa ti, ambayo iliangukia kile cheusi kilicho kati ya F na G. Aliposogea hadi D, mi na ti zote mbili zikakaa juu ya vyeusi: F shapu na C shapu. Kwangu mimi, dakika hizo tano zilitosha kurudisha ada yote.

Skeli ya F, kwa bahati mbaya, iliachiwa dakika kumi za mwisho, na baadhi yetu tukaondoka tukiiita fa yake, iliyo kwenye kibao cheusi kati ya A na B, A shapu. Maelezo yake ni mafupi: kila herufi hutumika mara moja tu katika skeli, A imekwisha kuchukuliwa na mi, kwa hiyo fa ni B flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni. Jambo hili lilistahili kipindi kizima, kwa sababu anayekosea jina ataiandika nota mahali pasipo pake kwenye mistari mitano ya kuandikia muziki. Vilevile wanafunzi 14 kwa vinanda viwili ni wengi mno, na makaratasi tuliyogawiwa yalikuwa nakala hafifu, kiasi kwamba alama ya shapu ilifanana na doa la wino.

Hata hivyo ninalipendekeza kwa mwanakwaya yeyote anayeisoma solfa vizuri. Asiyeijua ajifunze kwanza kuiimba, la sivyo wiki mbili za mwanzo zitampita. Kipande changu cha boksi ninakiweka ndani ya daftari la nyimbo. Alhamisi iliyopita, mpiga kinanda wetu alipoteremsha wimbo kutoka G hadi F kwa ajili ya akina mama wa sauti ya kwanza waliokuwa wakishindwa kufika juu, nilimtajia kabla hajagusa kinanda kwamba kibao cheusi atakachokihitaji ni B flati.