Kupiga hema karibu na Lubumbashi: kiwanja gani kinastahili dola zako

"Papa, maji iko?"

"Maji iko mingi, mwanangu."

"Na choo?"

"Iko."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote kabla hatujapakia magari mawili, watu wazima wanne na watoto watano, kwenda kulala nje ya mji, shambani kwa huyo mzee niliyekuwa namuuliza. Tulifika jua linazama. Maji yalikuwepo kweli, mtoni, chini ya mteremko wa dakika ishirini ukiwa na ndoo mkononi. Choo nacho kilikuwepo, shimo lenye kuta tatu za nyasi, na ukuta wa nne mzee alikuwa bado anaufikiria. Hakutudanganya hata neno moja. Sisi ndio tuliouliza kama watu wanaonunua kitu wasichokijua.

Na hapa kwetu watu wengi hawakijui. Lubumbashi haina desturi ya kampingi kama za Ulaya au Afrika Kusini, ambako unapewa kipande chenye namba, bomba na soketi ya umeme. Unacholipia huku ni majani, geti, mlinzi, na mtu wa kuamka ukimwita usiku. Ndiyo maana sikupanga viwanja hivi kwa uzuri wa mandhari. Nimevipanga kwa namna utakavyolala: barabara inafikika, maji yako karibu, mlinzi yuko macho, choo kina mlango. Anayetaka picha tu aanze kusoma kutoka mwisho.

Majira kwanza, maana kiwanja kizuri cha mwezi wa sita ni bwawa mwezi wa kwanza. Mvua zetu huanza kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja na kwisha kama mwezi wa nne. Katikati ya mvua barabara za udongo hugeuka sabuni. Kuanzia mwezi wa tano pakavu, lakini mji uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto hushuka chini ya nyuzi 10. Wageni hawaamini mpaka waamke wanatetemeka. Baridi inayoumiza hutoka ardhini kuliko hewani, kwa hiyo ukiwa na blanketi mbili, moja itandike chini. Mwezi wa nane mpaka wa kumi ni vumbi, joto na moto wa pori. Mimi huchagua mwezi wa tano: nyasi bado zina uhai, mito ina maji, baridi haijakomaa.

1. Mashamba ya ndani ya kilomita 50

Haya ndiyo ya kwanza, na sioni ya kubishaniwa. Toka kwa barabara ya Likasi, ya Kasenga, ya Kipushi au ya Kasumbalesa, utakuta mashamba ya watu wa mji waliojenga nyumba ya mapumziko, wakachimba kisima, wakazungushia ukuta au waya. Baadhi hupokea watu kwa siku, kuogelea na kula kuku wa kuchoma. Kulala kwenye hema ni jambo la kuomba, na wengi hukubali ukiwaeleza vizuri. Faida kubwa inaonekana mtoto akipata homa saa nane usiku: nusu saa au saa moja na uko hospitali. Hakuna maporomoko ya maji yanayoweza kukupa hilo.

Nenda kwanza mchana, peke yako, bila hema. Fungua bomba kwa mkono wako. Ingia chooni, funga mlango. Uliza maji yanapandishwa na nini, kwa sababu pampu ya umeme bila jenereta ina maana kwamba stima ikikatika mnarudi kwenye ndoo. Uliza pia kama Jumamosi hiyo kuna harusi. Mashamba mengi hukodishwa kwa sherehe, na utajikuta umelipa kulala pembeni ya spika zinazopiga ndombolo mpaka alfajiri. Hilo hawakuambii mpaka uulize, na si kwa ubaya: kwao ni burudani ya bure.

Halafu chagua sehemu ndani ya kiwanja, na hapa ndipo wengi huharibu. Utaona vichuguu, vile vya Katanga vyenye urefu wa mita tano na zaidi, vipana kama nyumba. Vinapendeza na vina kivuli. Usilale miguuni pake. Nyoka hupenda mashimo yake, na udongo wake ni mfinyanzi mgumu, ule ule watu wanaochomea matofali, unaopinda vigingi vyote vya hema. Usishuke dembo pia, yaani bonde la majani lililo wazi, hata kama ndiko kulikosawazika vizuri. Hewa baridi huteremka na kutuama huko usiku, mbu nao wanafuata unyevu. Panda kidogo juu ya mteremko, mbali na mti wenye tawi kavu.

Kuna swali moja litakalomfanya mwenye shamba ajue kwamba unaelewa mambo: "Mumeshachoma?" Wenye mashamba wenye akili huchoma nyasi mapema kuzunguka boma, wakati bado zina unyevu kidogo, ili moto wa mwezi wa tisa ukija ukute pameshaungua. Kama hawajachoma na nyasi zimefika kiunoni, mwezi wa tisa usilale hapo hata kwa bure.

Ubaya wa mashamba ni mmoja tu. Hupati pori. Utasikia malori ya madini yakipita barabara kubwa, na asubuhi utaona baiskeli zenye magunia ya makala, yaani mkaa, zikielekea mjini. Miombo, miti ya pori letu, ya karibu na mji imeishia huko, kwenye mambaula yetu, majiko ya mkaa.

2. Yadi za misheni

Kwa vikundi, skauti, kwaya au wanafunzi wa chuo, hii naiweka ya pili, na kwa bajeti ndogo ingeweza kuwa ya kwanza. Ukuta upo, mlinzi yupo, maji kwa kawaida yapo, na mara nyingi kuna kituo cha afya hatua chache tu. Andika barua mapema, usije tu na hema mgongoni. Geti hufungwa mapema, bia haiingii, na kengele ya asubuhi haimsubiri mtu. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, hakuna anayeukataza.

3. Tshangalele na Mwadingusha

Sasa tunaanza kwenda mbali. Ziwa Tshangalele si la asili. Lilitokea mto Lufira ulipozuiwa pale Mwadingusha, kwenye maporomoko yaliyoitwa Cornet kwa jina la mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet, kwa ajili ya bwawa la umeme wa migodi lililoanza kazi mwaka 1930. Ndege wa majini ni wengi, na eneo la Lufira liliingizwa kwenye hifadhi za bayongahewa za UNESCO mwaka 1982. Jioni ya hapo, mitumbwi ikirudi na jua likiwa jekundu kwa vumbi, ni kitu cha kuona mara moja maishani.

Lakini nimeiweka ya tatu kwa sababu ya maji. Mito inayoingia ziwani hupita Likasi na viwanda vyake vya shaba na kobalti. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, madini hayasikii moto. Beba maji yako yote kutoka mjini, ya kunywa na ya kupikia bukari (ugali) pia. Weka hesabu ya lita tano kwa kila mtu kwa siku, kisha ongeza dumu moja la bahati mbaya. Kuogelea nako sikushauri, kwa kichocho na kwa mamba. Watoto watalia siku ya kwanza, siku ya pili watakuwa wamezoea kutupa ndoano.

Hakuna kiwanja kilichotayarishwa. Unafika kijijini kabla ya saa kumi jioni, unamwona shefu, unasalimia, unaeleza mmekuja wangapi na kwa siku ngapi. Peleka kitu mkononi, sukari au sabuni. Yeye ndiye atakayekuonyesha pa kulala na kukupa kijana wa kukesha, na kijana huyo mlipe wewe mwenyewe asubuhi, mkononi mwake. Hema lako liwe na chandarua kisichotoboka. Mbu wa Lufira hawana huruma.

4. Chimfunshi, ng'ambo ya mpaka

Ukitaka kitu kinachofanana na kampingi yenyewe, unalazimika kuvuka Kasumbalesa. Chimfunshi iko upande wa Chingola nchini Zambia, kando ya mto Kafue. Ni makimbilio ya sokwe yaliyoanza mwaka 1983 kwa sokwe mmoja aliyejeruhiwa, kwenye shamba la David na Sheila Siddle. Wanapokea wageni wenye hema. Mtoto aliyewaona sokwe wa J.A.C.K., kituo cha kutunza sokwe yatima, kwenye zoo yetu atafurahi kuwaona hawa wakiwa na pori la kutembea.

Kwa nini basi si ya kwanza? Mpaka. Foleni ya malori inaweza kula siku nzima, na karatasi za gari lazima ziwe kamili: kitambulisho cha gari, bima, pasipoti za wote, kadi ya manjano ya chanjo. Huko wanaendesha kushoto, na gari letu lenye usukani wa kushoto linakufanya usione unapotaka kulipita lori. Abiria wa mbele ndiye macho yako, kwa hiyo asilale. Lugha haitakusumbua, Kibemba cha sokoni Lubumbashi kitakufikisha. Kwa wikiendi ya siku mbili haifai. Nenda ukiwa na siku nne.

5. Kundelungu na Lofoi

Ya mwisho kwa orodha yangu, ya kwanza kwa moyo wangu. Maporomoko ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, urefu unaotajwa sana ni 347, ukutani mwa uwanda wa Kundelungu. Juu ni dilungu, majani matupu mpaka upeo wa macho, na upepo wa usiku unaoweza kung'oa hema la sokoni kama mfuko wa plastiki. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970 na iko chini ya ICCN, taasisi ya taifa ya hifadhi. Pitia ofisini kwao kabla ya safari, kwa kibali, kwa mwongozaji, na zaidi ya yote kwa habari za usalama za wiki hiyo hiyo. Wakikwambia subiri, subiri.

Nenda mwezi wa tano. Mwishoni mwa kiangazi Lofoi hubaki uzi tu, na utasafiri siku nzima kuja kuangalia mwamba uliolowa. Gari liwe la kuvuta magurudumu manne, na yawe magari mawili, maana simu haitakuokoa huko. Kiubo, maporomoko mengine ya Lufira ukipita upande wa Bunkeya, mji wa mfalme wa zamani Msiri, naihesabu kwenye kundi hili hili: tamu, mbali, si ya kujifunzia.

Pembeni ya barabara

Hii haina namba kwa sababu sitaki uifikirie. Ardhi inayoonekana haina mwenyewe huku kwetu mara nyingi ni kibali cha madini cha mtu, na walinzi wake hufika usiku wakiwa na silaha na maswali. Wasipofika wao, watafika wachimbaji, au polisi watakaotaka kujua unaficha nini.

Wenye gari la kulala ndani, au Land Cruiser yenye hema juu ya paa, orodha haibadiliki sana. Wazungu wanaotoka Cape Town kupanda kaskazini hupita mjini na magari hayo, nao hutafuta yadi ya misheni au ya hoteli kama sisi. Pima geti kabla hujalipa: hema la paani huongeza urefu, na mageti mengi yana tao la chuma juu. Angalia pia kama ardhi imelala sawa. Kulala kichwa kikiwa chini kuliko miguu si usingizi.

Kuhusu malipo, uliza moja kwa moja: bei ni kwa mtu, kwa hema au kwa gari? Mlinzi na kuni zimo ndani? Bei nyingi hutajwa kwa dola, na noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha itarudishwa, kwa hiyo chagua safi kabla ya kutoka, na uwe na franga za kutosha kwa barieri (vizuizi vya njiani), makala na zawadi ndogo. Lipa nusu ukifika, nusu asubuhi. Mwenye kiwanja akikataa mpango huo, kuna jambo ambalo asubuhi ungelilalamikia.

Yule mzee wa mwanzo tulirudi kwake mwaka uliofuata. Safari hii niliuliza maji yako hatua ngapi kutoka hema, na choo kina kuta ngapi. Alicheka sana kwenye simu. Alikuwa amechimba kisima, na ukuta wa nne ulishasimama, wa matofali. Bei nayo ilikuwa imepanda.

"Papa, umepandisha?"

"Mwanangu, mwaka ule ulilipa kuta tatu."