Mfano wa Hema ya Kukutania kutoka karakana ya Likoni: chukua hema, kijitabu kiache

Mwalimu yeyote wa shule ya Jumapili anaijua taabu ya Kutoka, kuanzia sura ya 25 hadi 40. Dhiraa, vitanzi, mataruma, vitako. Hujafika kwenye birika na nusu ya darasa inachungulia dirishani. Kwa hiyo nilipoelekezwa kwa fundi mmoja wa Likoni, Mombasa, anayechonga mfano mzima wa Hema ya Kukutania, ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, niliagiza. Bei shilingi 14,500. Si pesa kidogo kwa kanisa letu, lakini kazi nimeiona na nasema bei ni halali.

Kilichonifurahisha kwanza ni vipimo. Dhiraa moja, kile kipimo cha kale cha kiwiko hadi ncha ya kidole, ameifanya sentimita 2, na hakuibia popote. Ua umetimia mita 2 kwa mita 1, kwa sababu maandiko yanataka dhiraa 100 kwa 50. Hema ni sentimita 60 kwa 20, kimo 20. Nimeweka rula mwenyewe. Kuna mifano ambayo sanduku la agano, lililotunza mbao za Amri Kumi, hukuzwa ili lipendeze macho. Huyu ameliacha na sentimita zake 5 kwa 3, mtoto akilifumbata halionekani. Na hapo ndipo somo lilipo. Ukipita mlangoni kinachokukabili ni madhabahu ya shaba, sentimita 10 kwa 10, kubwa kuliko vyombo vyote, na hakuna njia ya kufika ndani bila kuipita. Kabla ya taa, kabla ya mkate, kabla ya uvumba, kuna damu. Watoto wanaliona hilo kwa macho, mimi sijasema neno.

Mlango wa ua ni mmoja tu, na uko mashariki. Huku kwetu mashariki ni baharini, basi mfano nauweka mezani mlango ukielekea bahari, kisha tunasoma Yohana 10, Yesu anaposema yeye ndiye mlango.

Mbao ni mwarobaini, si mshita unaotajwa katika maandiko, na hilo halinisumbui; mwarobaini wadudu hawaupendi. Zile mbao 48 zinasimama moja moja, unaweza kuzing'oa na kuzipanga upya, na mataruma, yaani miti ya kuzifunga pamoja, yanapita kwenye pete kama ilivyoagizwa. Vifuniko vinavuliwa kimoja kimoja. Juu kabisa ngozi nyeusi, badala ya zile za pomboo zinazotajwa. Chini yake ngozi nyekundu ya kondoo dume, kisha singa za mbuzi, ambazo ameziweka za kweli na harufu yake bado ipo, na mwisho mapazia ya kitani ya buluu, zambarau na nyekundu yenye makerubi. Mtu wa nje aliona ngozi kavu tu. Kuhani aliyeingia alizungukwa na dhahabu pande zote. Ukishawavulisha watoto vifuniko hivyo kwa mikono yao, wasomee Isaya 53, kwamba hana umbo wala uzuri hata tumtamani. Nyamaza, waache wafikiri.

Sasa kasoro, na hii ni kubwa. Vitako vya mbao na vya nguzo za pazia, yaani vikalio vinavyosimamishia, vilikuja vimepakwa rangi ya dhahabu, sawa na mbao. Fundi aliona vitapendeza zaidi. Lakini vitako vile vilikuwa vya fedha, vitako 100, talanta 100, talanta moja kwa kila kitako, na fedha hiyo haikutoka kwenye michango ya hiari. Ilitoka kwenye ile nusu shekeli ya upatanisho ambayo kila mwanamume wa miaka 20 na zaidi aliitoa kwa ajili ya nafsi yake, tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Walihesabiwa watu 603,550. Maana yake nyumba nzima ya Mungu jangwani, dhahabu yake yote, ilisimama juu ya fedha ya fidia ya watu wale. Petro akija kusema tulikombolewa si kwa fedha wala dhahabu bali kwa damu ya thamani, ya mwana-kondoo asiye na ila, msingi wake uko pale chini ya mbao. Ukivipaka dhahabu, umemnyima mtoto somo hilo. Nilimrudishia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, hii hakuna aliyewahi kunieleza. Niachie mpaka Ijumaa." Akavipaka upya, hakunitoza hata senti.

Pazia la Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa, limetariziwa vizuri mno, kwa kitambaa kizito cha Mtaa wa Biashara. Mimi niliongeza mengine mepesi, yasiyotariziwa, ya kupasuliwa Ijumaa Kuu. Mtoto anapanda kiti, analishika kwa juu, analichana hadi chini. Binti mmoja aliuliza mbona asichane kuanzia chini, huko anakofika bila kiti. Nikamfungulia Mathayo 27:51 asome mwenyewe, kwamba pazia lilipasuka toka juu hata chini. Ila waeleze wazi kwamba pazia lililopasuka siku Yesu alipokufa ni la hekalu la Yerusalemu. Hema ya Musa ilikuwa haipo tena zamani sana. Waebrania 10:20 ndiyo inayotuunganishia pazia na mwili wake Kristo.

Kijitabu kinachokuja na mfano sikitumii, na nakusihi usikitumie. Humo kila kigingi kina siri yake. Nguzo 5 za mlango wa hema eti ni neema, nguzo 4 za pazia eti ni Injili nne, kila rangi ina fumbo. Mwandishi wa Waebrania, aliyetufundisha kuisoma hema hivi, alifika kwenye makerubi ya kiti cha rehema, kile kifuniko cha sanduku, akasema hana nafasi ya kueleza vitu hivyo kimoja kimoja. Kama yeye alijizuia, sisi tunapata wapi ujasiri? Fundisha pale Agano Jipya lenyewe linapoonyesha kidole. Hapo pana kazi ya mwaka mzima.

Mengine ni madogo. Kulabu za ua ni za waya wa chuma, na kwa chumvi ya hewa yetu zimeanza kutu. Gundi ya kinara cha taa imelegea kwa joto, tawi moja linacheza.

Ukiagiza, mwambie mapema vitako vya mbao na vya pazia viwe rangi ya fedha na kulabu ziwe za shaba nyeupe au plastiki ngumu. Sanduku la kubebea linauzwa kando. Lichukue, maana kivukoni watu wanasukumana na nguzo 60 za ua huvunjika upesi.