Dark Forces: hadithi 23 za kutisha, na namna ya kuzisoma zisipoe

Mkusanyiko huu ulihaririwa na Kirby McCauley, ukatoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata ukatwaa tuzo ya World Fantasy. Nauweka juu kabisa kati ya vitabu vya aina hii. Wengi wanaolalamika kwamba haukuwatisha walifanya kosa moja: walifungua ukurasa wa yaliyomo, wakaona jina la Stephen King, wakarukia "The Mist" iliyowekwa mwisho kabisa. Hiyo ni riwaya fupi hasa, inakushika muda mrefu. Ukitoka humo, hadithi fupi zote zinaonekana nyepesi.

Fuata mpangilio wa mhariri. Anaanza na "The Late Shift" ya Dennis Etchison, yenye duka linalokesha wazi na muuzaji ambaye waziwazi hayuko sawa. Mbili kwa kikao zinatosha. Hadithi fupi ya kutisha hutegemea sana mwisho wake, na ukifululiza nne au tano akili inaanza kuutafuta mtego tangu aya ya kwanza.

"Children of the Kingdom" ya T.E.D. Klein itengee kikao chake. Ni ndefu, inakwenda polepole, na polepole hiyo ndiyo nguvu yake. Klein anakuzungusha New York ya mwaka 1977, makao ya wazee, barazani na mitaani, watu wakipiga soga za kawaida. Umeme unapokatika usiku wa Julai 13 (jambo lililotokea kweli), walioachwa gizani umeshawazoea, na hapo ndipo unapoanza kuhofia yatakayowapata. Ukiruka kurasa za mwanzo, giza hilo litakuwa giza tu.

"The Brood" ya Ramsey Campbell ni fupi, lakini usiikimbize. Daktari wa mifugo anawatazama wapita njia kutoka dirishani kwake, na hofu yote imefichwa katika vitu vidogo anavyoviona chini ya taa za barabarani. Sentensi moja ikikupita, umepoteza uzi.

Robert Aickman na Russell Kirk wanaandika Kiingereza cha kizamani chenye sentensi ndefu. Wasome ukiwa hujachoka, kamusi karibu. Kipande cha Edward Gorey kinakwenda na michoro, kwa hiyo skrini ya simu inakipunja.

Kuhusu "The Mist": kama umeona filamu ya Frank Darabont ya mwaka 2007, mwisho wake sio huu wa kitabuni. King anaiacha hadithi wazi, nami naona hivyo ni bora. Na kama unanunua nakala ya mtumba, kagua mgongo na kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Kitabu ni kinene, gundi ikichoka kurasa za nyuma huchomoka, na huko ndiko "The Mist" iliko.