Mihimili ya mashine ndogo ya CNC: uimara kwanza, mhimili wa nne baadaye

Karibuni, watazamaji. Leo ninachambua vifaa vya mihimili kwa ajili ya yeyote anayekusudia kujijengea mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao, plastiki au alumini. Mhimili ni mwelekeo mmoja ambao mashine husogea au kuzunguka. Wajenzi wengi huuliza kwanza kuhusu mhimili wa nne, ule wa kuzungusha kazi, ilhali kisu kinapoingia kwenye kazi, kinachoamua usafi wa mkato ni uimara wa ile mitatu ya mwanzo, yaani X na Y za mlalo, na Z ya juu na chini.

Tuanze na njia ambazo mihimili huteleza juu yake. Tazameni fito hizi za mviringo zinazoshikiliwa kwenye ncha mbili tu. Bei yake ni nafuu na kuzifunga ni rahisi, lakini kupinda kwake hufuata mchemraba wa urefu: ukiurefusha ufito mara 2 huku mzigo ukibaki uleule katikati, utapinda mara 8. Unene nao huleta tofauti kubwa, kwani ugumu wa ufito wa milimita 16 ni zaidi ya mara 3 ya ule wa milimita 12. Kwa kuchora mbao laini zinatosha; kwa alumini sizipendekezi hata kidogo.

Aina ya pili, inayouzwa kwa jina la SBR, ni ufito uliolazwa juu ya kitako cha alumini kwa urefu wake wote. Haupindi katikati, ila bloku zake, yaani vipande vinavyoteleza juu ya ufito, ziko wazi upande wa chini, hivyo huhimili mzigo unaokandamiza vizuri kuliko unaovuta kwenda juu. Chaguo langu ni reli za HGR, ambazo bloku zake hubeba mzigo sawasawa kutoka pande zote nne. Sharti lake ni kwamba hufuata umbo la uso zilipofungwa. Fremu ikiwa imepinda, bloku zitakwama, na lawama itaiangukia reli bure.

Kuhusu kusukuma, mkanda ni mwepesi na una kasi, lakini hunyumbuka. Skrubu ya mipira, ambayo nati yake huteleza juu ya vijipira vya chuma, ya aina ya 1605 ina kipenyo cha milimita 16 na husogeza nati milimita 5 kwa kila mzunguko. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kiendeshi (kifaa cha kuiendesha mota) kikigawa kila hatua mara 8, huhitaji mapigo ya umeme 1,600 kwa mzunguko, yaani 320 kwa milimita, na hiyo ndiyo tarakimu mtakayoiandika kwenye programu. Angalieni tu kwamba skrubu hii huzunguka kwa wepesi mno, kiasi kwamba umeme ukikatika, mhimili wa Z wenye mota nzito unaweza kushuka wenyewe.

Z ndiyo ninayoomba muifikirie kwa utulivu. Kadiri kisu kinavyoning'inia mbali chini ya bloku, ndivyo nguvu ya kukata inavyopata wenzo wa kulipindua daraja zima, yaani fremu inayovuka juu ya kitanda na kubeba Z. Tenganisheni bloku kadiri nafasi inavyoruhusu, na msinyanyue daraja kwa ajili ya kazi ambayo huenda msiifanye kamwe.

Mhimili wa nne, A, huzungusha kazi kwa kuufuata mhimili wa X, na kwa miguu ya meza iliyonakshiwa una faida ya kweli. Kabla ya kuununua, hakikisheni programu yenu ya kuongoza mashine inauelewa: GRBL ya asili ilitengenezwa kwa mihimili mitatu, ilhali LinuxCNC hukubali hadi 9. Kisha pimeni nafasi iliyopo chini ya daraja, kwa kuwa kichwa cha kuzungushia hula kimo kikubwa. Kimo kikipungua, ni heri kukata uwazi kwenye kitanda na kukishusha kichwa humo kuliko kulipandisha daraja.