Gari la spoti la viti viwili: lipi ununue ukiwa Uganda

Jibu natanguliza, maelezo yafuate. Ukiwa Uganda na unataka gari la spoti la viti viwili bila kuuza kiwanja, tafuta Mazda Roadster ya kizazi cha nne, ile inayojulikana kama ND, yenye injini ya lita 1.5, paa la turubai na gia ya mkono. Nje ya Japani gari hilohilo huitwa MX-5. Mengine nitakayoyataja nayapenda, na mawili kati yake ningeyanunua bila kusita, lakini hili ndilo la kwanza, na limeliacha la pili mbali.

Sababu yangu kubwa ni uzito. Kwenye barabara zetu nguvu nyingi hukaa bure. Sheria inaruhusu gari dogo kilomita 100 kwa saa kwenye lami ya barabara kuu, na hata hapo hujamaliza dakika kumi kabla ya kukutana na senta yenye matuta, lori la miwa linalopanda polepole, na boda inayokata mbele yako. Gari la farasi 330 utalifaidi kwa sekunde chache tu, kisha breki. Gari la tani moja hukupa raha ukiwa kilomita 60, kwenye kona, na ndipo zilipo raha za nchi hii: Kabale kwenda Kisoro, Fort Portal kushuka Bundibugyo, Mbale kupanda Kapchorwa. Huko unachohitaji ni gari linaloitika mara tu unapogusa usukani.

Kabla ya orodha, tuzungumzie sheria na kodi, maana ndizo zinazoichuja orodha yenyewe. Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo Honda S2000, iliyokoma 2009, sahau kuiagiza. Toyota MR-S nayo hivyohivyo, na Roadster za vizazi viwili vya kwanza pia. Ukiiona S2000 inauzwa Kampala, ujue iliingia mapema, na mwenyewe anaijua thamani yake. Kinachobaki ni magari ya miaka ya 2010 kuja juu.

Kodi huhesabiwa kwa thamani ya gari pamoja na usafiri wa meli na bima. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6, na gari lenye umri mkubwa hutozwa kodi ya mazingira juu ya hayo yote. Watu wengi huangalia bei ya Japani peke yake, wakachagua gari la zamani kwa kuwa ni rahisi, kumbe kodi ya mazingira imeula unafuu wote. Chukua mwaka wa kutengenezwa na modeli kamili, upeleke kwa wakala wa forodha akufanyie hesabu ya URA, mamlaka ya mapato, ndipo utume hela Japani. Injini ndogo pekee haikuokoi, kwa sababu kinachotozwa ni thamani.

Sasa magari yenyewe.

Roadster ND ilianza kuuzwa Japani mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari Bora la Dunia. Toleo jepesi kabisa, linaloitwa S, lilipotoka lilikuwa na uzito wa kilo 990 na farasi 131. Kwenye karatasi farasi hao ni wachache. Ukilikalia, umeketi chini karibu na ekseli ya nyuma, mkono umepumzika juu ya gia fupi inayoingia kwa kusukumwa kidogo tu, utaelewa kwa nini wapenzi wa gari hili hawaongelei farasi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na injini inapenda kuzungushwa hadi juu.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi. Toleo la S halina difu ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure likikosa mshiko, wala stabilaiza ya nyuma, chuma kinachopunguza kuyumba kwenye kona. Linayumba kwa ulaini kwenye kona, na wapo wanaolipenda kwa hilo hasa. Mimi kwa barabara zetu, ambako kona moja huwa na lami safi nusu na nusu nyingine kokoto zilizomwagwa na lori, nashauri S Special Package ya gia ya mkono: ina LSD na stabilaiza, na uzito umeongezeka kilo chache tu.

Paa lake la turubai ni hoja kubwa kuliko linavyoonekana. Mvua ya Kampala haibishi hodi. Kwenye ND unafyatua kitasa kimoja, unanyoosha mkono nyuma ya bega, unalivuta paa, unalifunga, hujaondoka kwenye kiti. Kwa aliyezoea ni sekunde chache, taa nyekundu ya Jinja Road inakutosha na kubaki. Toleo la RF lina paa gumu linalojikunja kwa mota katika sekunde 13, na injini ya lita 2.0. Ni zuri kutazama, ila ni zito zaidi, ghali zaidi, na upepo huvuma kwa kelele kwenye zile nguzo za nyuma. RF za kwanzakwanza za gia ya mkono zikaguliwe sana giaboksi, maana lita 2.0 za miaka hiyo zilipata sifa mbaya ya kuvunja meno ya gia kwa madereva wenye mkono mzito. Ile ya lita 1.5 haikamui giaboksi kiasi hicho.

Mapungufu yapo. Tumbo lipo milimita 140 tu kutoka ardhini. Matuta yetu yapande kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na yale ya kienyeji yaliyojengwa na wanakijiji baada ya ajali yakwepe kabisa au usimame kwanza. Spea taya haipo, kuna chupa ya dawa na pampu ndogo tu. Tairi likichanika kwenye jiwe la maramu, dawa haisaidii. Saizi ya tairi ni 195/50R16, ambayo si ya kila duka. Agiza tairi mbili za akiba kwenye kontena lilelile. Na petroli: Mazda kwa soko la Japani imeelekeza petroli ya okteni ya juu, kwa hiyo hesabu bei ya V-Power au ya daraja hilo, usihesabu ya kawaida.

La pili ni Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ. Kwa haki kabisa, viti ni vinne, lakini vya nyuma ni vya mkoba na koti. Nimeyaweka humu kwa sababu kila anayetafuta viti viwili ataishia kuyatazama, na kwa mtu mwenye gari moja tu nyumbani huenda yakamfaa kuliko Roadster. Kiti cha nyuma kikilazwa, unaingiza tairi nne. Kizazi cha kwanza, 2012 hadi 2021, kina lita 2.0 na farasi 200. Cha pili, GR86, kina lita 2.4 na farasi 235, na tofauti ni kubwa katikati ya mwendo, pale unapotaka kulipita basi la Gulu bila kusali. Pesa ikitosha, chukua cha pili.

Jina la Toyota lisikudanganye ukampelekea fundi wa Premio. Injini ni boksa ya Subaru, imelala ubavu, na hata plagi kuzifikia ni kazi. Bahati yetu ni kwamba Uganda ina mafundi wa Subaru wazuri, nchi hii imelelewa na mbio za magari na Impreza zimejaa. Mpelekee huyo. Kwenye GR86 muombe pia aangalie gundi ya silikoni kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wamiliki wa nchi kadhaa wamekuta vipande vyake kwenye chujio la pampu. Oili ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

La tatu, Honda S660, ndilo lililo karibu na moyo wangu, na ninalazimika kuliweka hapa kwa sababu ya akili. Ni gari la kei, lile daraja la magari madogo kabisa la Japani, injini ya sentimita za ujazo 658 yenye tabo, imekaa nyuma ya mgongo wako kama zilivyo za magari ya mamilioni. Farasi 64, uzito kilo 830 kwa la gia ya mkono. Lilitengenezwa kuanzia 2015 hadi Machi 2022, na tangu Honda itangaze kulikomesha, bei yake Japani haijashuka kama ya magari mengine ya umri huo. Linakunywa petroli ya kawaida, na kidogo. Kwenye kona za Kapchorwa nalihesabu kuwa tamu kuliko gari lolote kwenye ukurasa huu.

Lakini tazama maisha yake hapa. Paa unalifungua kwa mkono kutoka nje: unashuka, unalikunja kama mkeka, unaliweka kwenye kisanduku cha mbele chini ya boneti. Mvua ikianza, unashuka tena. Kisanduku hicho kikishika paa, hakuna pa kuweka hata mfuko wa mkate, kwa sababu buti hakuna. Tairi za mbele ni 165/55R15 na za nyuma ni 195/45R16, kwa hiyo hata ukipata tairi moja ya akiba imeokoa mbele tu au nyuma tu. Tumbo liko milimita 125. Tangi ni lita 25. Na kimo cha gari ni mita 1.18, maana yake dereva wa lori aliye pembeni yako kule Nakawa hakuoni hata kidogo. Kama una gari jingine la kazi na la safari, nunua S660 upate furaha. Kama ndilo la pekee, hapana.

Daihatsu Copen ya kizazi cha pili, 2014 kuja juu, ni ya kei pia, farasi walewale 64, lakini injini iko mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Paa lake la chuma hujikunja lenyewe kwa sekunde kama 20. Ni raha ya mjini. Likikunjwa, buti limekwisha. Anayetaka upepo na urembo, na hana haja ya kona, huyo ndiye anayefaa Copen, na la otomatiki halitampunguzia kitu.

Mwenye fedha ndogo zaidi atazame Honda CR-Z, 2010 hadi 2016, ya haibridi yenye gia sita za mkono. Chukua iliyotoka baada ya maboresho ya mwishoni mwa 2012, kwa kuwa ndipo betri ilipobadilika kuwa ya lithiamu. Usukani ni mzuri, mwendo ni wa kawaida.

Nissan Fairlady Z ya Z34, ile 370Z, huwavuta vijana kwa sauti na kwa bei. Injini ya V6 ya lita 3.7, farasi zaidi ya 330, viti viwili halisi. Ni gari la heshima, na ukilipata lililotunzwa halitakuaibisha. Ila silinda ya klachi imekaa ndani ya giaboksi, ikivuja giaboksi lazima lishushwe, na petroli yake ni ya daraja la juu na ni nyingi. Fundi wa Ndeeba atakuuliza mapema kabisa: “Ssebo, spea utatoa wapi?” Uwe na jibu. BMW Z4 na Mercedes SLK za Japani nazo huonekana rahisi mno kwenye minada. Paa zao za haidroliki zikigoma ukiwa hapa, unafuu huo umekwisha.

Na magari mapya kabisa kutoka kiwandani? Fairlady Z ya sasa ilipotoka 2022 ilianzia yen zaidi ya milioni 5 Japani, kabla ya meli na kodi. Roadster S mpya, ilipoboreshwa mwanzoni mwa 2024, ilikuwa chini kidogo ya yen milioni 2.9. Kwa mtu anayetaka gari lisilokaliwa na mwingine, hesabu inarudi kwa Mazda.

Unapoagiza, dai karatasi ya mnada yenyewe, usikubali muhtasari wa muuzaji. Daraja 4 au 4.5 ni sawa. Likiwa R, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, na gari la spoti lililopinda fremu halirudi kuwa la spoti. Kwa la turubai, omba picha ya pembe za nyuma za paa na ya zulia nyuma ya viti: likiwa na doa la maji, mifereji ya paa imeziba na kutu imeanza chini. Hakikisha ukaguzi wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, wa kabla ya kusafirishwa umefanyika hukohuko Japani.

Jambo la mwisho ni safari kutoka bandarini. Magari mengi hupanda kutoka Mombasa yakiendeshwa na madereva wa kukodi, zaidi ya kilomita elfu moja hadi Kampala kupitia Malaba au Busia, usiku na mchana. Gari la tumbo la milimita 140 usilipe mtu usiyemjua alipitishe kwenye matuta yote hayo. Lipia lori la kubebea magari. Mwambie wakala apige picha za bampa la mbele kutoka chini, za rimu zote nne na za odometa kabla halijatoka bandarini, kisha wewe mwenyewe upige nyingine likishuka bondi, kwenye yadi ya forodha, kabla hujasaini chochote.